Kibali cha Dobi: Uchambuzi wa Kisa cha San Francisco, 1885–1886

Kisa kwa ufupi

Dobi mmoja wa Kichina ananyimwa kibali cha kuendelea na kazi aliyoifanya kwa miaka 22 katika nyumba ile ile. Wakaguzi wa moto wamempa cheti. Mkuu wa afya naye amempa cheti. Wenzake zaidi ya 80 wasio Wachina, wenye kazi kama yake, katika nyumba za mbao kama yake, wanaendelea bila kuguswa na mtu. Yeye anakamatwa, anatozwa faini ya dola 10, na kwa kuwa hakuilipa anawekwa jela siku 10, siku moja kwa kila dola.

Kesi imo katika kumbukumbu za Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Yick Wo dhidi ya Hopkins. Yick Wo lilikuwa jina la duka, na Hopkins alikuwa sherifu aliyemshikilia mfungwa. Jina la mwenye duka mwenyewe halihitajiki hapa. Humu naye ni dobi, na wale waliokamatwa pamoja naye wanabaki bila majina. Wengi wa waliotajwa ni majaji ambao maneno yao yamo katika hukumu zilizochapishwa.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wanafunzi wa sheria, watu wa ofisi za leseni, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha akisubiri muhuri. Siku hizi haki za kiraia na uhuru wa mtu kujitafutia riziki hufundishwa kama masomo mawili, na mara nyingi watetezi wa moja huwatazama watetezi wa lingine kama wapinzani. Mwaka 1886 yalikuwa bado kitu kimoja, na kisa hiki kinaonyesha jinsi yalivyoshikana kabla ya kuachanishwa.

Mahali na wakati

Dhahabu ya California ilivuta watu kutoka kila upande kuanzia 1849, na Wachina walikuwa miongoni mwao. Machimboni walitozwa kodi maalumu ya wachimbaji wageni. Baadaye maelfu yao walijenga reli ya Central Pacific, iliyokamilika 1869. Reli ilipokwisha, wengi walirudi mjini kutafuta kazi, wakakuta viwanda vingi haviwataki. Kufua nguo kulibaki wazi. Mtaji wake ulikuwa mdogo: birika kubwa, jiko, pasi za kupashwa moto, sabuni, na nguvu za mikono. San Francisco ulikuwa mji wa wanaume wengi waliohama, na mashati yalihitaji kufuliwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 mjini kulikuwa na maduka ya dobi yapatayo 320. Takriban 240 yalikuwa ya Wachina. Majengo kama 310 kati ya hayo yalikuwa ya mbao, na hilo halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa sehemu tisa kati ya kumi za nyumba za San Francisco zilikuwa za mbao. Mtaji wa Wachina katika kazi hiyo haukupungua dola 200,000, na kila mwaka walilipa kama dola 180,000 kwa kodi za pango, leseni, ushuru, gesi na maji. Takwimu hizi ziwekwe akilini, maana ndizo zilizokuja kuibeba kesi.

Chuki ilikuwa wazi. Julai 1877 makundi ya wazungu yaliwashambulia Wachina mjini, na maduka ya dobi yalikuwa kati ya mali zilizoharibiwa. Denis Kearney na chama chake cha wafanyakazi walihubiri hadharani kwamba Wachina waondoke. Katiba mpya ya jimbo ya 1879 iliyakataza makampuni kuwaajiri. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Tena Mchina hakuweza kupewa uraia, kwa hiyo hakupiga kura. Diwani aliyewaumiza hakupoteza hata kura moja yao, na aliyewatetea angeweza kupoteza nyingi za wengine.

Sheria ndogo za jiji zilikwenda na upepo huo. Mwaka 1870 ilikatazwa kupita kando ya barabara na makapu yaliyoning'inizwa kwenye mzega, namna ambayo Wachina walibeba mizigo yao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 dobi aliyepeleka nguo kwa gari la farasi alitozwa ada ndogo, na aliyezipeleka kwa miguu alitozwa dola 15 kila robo mwaka. Ikaja nyingine ya kumtaka dobi apate kwanza mapendekezo ya raia 12 walipa kodi wa eneo lake. Hii ilibatilishwa 1882 na Jaji Stephen Field, mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Nyingine ilizuia kufua na kupiga pasi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Hii ilidumu, na itarudi mbele.

Hakuna hata moja kati ya hizo ninazozikumbuka kwa maandishi yake iliyohitaji kutaja Wachina ili kuwapata. Kila mtu mjini alijua ni nani anayebeba mzega.

Sheria iliyoleta kesi

Tarehe 26 Mei 1880 Baraza la Wasimamizi la jiji, yaani madiwani wake, lilipitisha amri namba 1569, na tarehe 28 Julai mwaka huo huo likairudia katika amri namba 1587. Ilisema kwamba ni kosa kwa mtu yeyote kuanzisha au kuendesha duka la dobi ndani ya mipaka ya jiji bila kupata kwanza ridhaa ya Baraza, isipokuwa kama duka liko katika jengo la matofali au mawe. Amri hiyo ya Julai iligusa pia majukwaa ya juu ya paa: hakuna kujenga jukwaa bila ruhusa. Dobi wa Kichina alianika nguo zake juu ya paa, kwenye majukwaa ya mbao, kwa kuwa kiwanja cha kuanikia hakuwa nacho. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 1,000, au jela isiyozidi miezi sita, au vyote viwili.

Ukiisoma haraka ni sheria ya kuzuia moto, na mji wa mbao una haki ya kuogopa moto. Isome tena polepole. Haitaji upana wa ukuta, urefu wa bomba la moshi, umbali kati ya jiko na ubao, wala ndoo ya maji mlangoni. Haisemi mkaguzi aangalie nini. Haisemi mwombaji atimize sharti gani ndipo apewe. Inasema tu: ridhaa ya Baraza. Na kwa kuwa maduka 310 kati ya 320 yalikuwa ya mbao, karibu kila dobi mjini sasa alifanya kazi kwa hisani ya madiwani.

Matukio kwa mfuatano wake

Dobi wetu alifika California mwaka 1861. Wakati wa kesi alikuwa amefua katika nyumba ile ile kwa miaka 22.

Tarehe 3 Machi 1884 bodi ya wasimamizi wa zimamoto ilimpa cheti. Nitakaa kidogo kwenye karatasi hiyo, kwa sababu ni nadra kuona serikali ikijishuhudia dhidi yake yenyewe kwa uwazi namna hiyo. Ilisema kwamba wakaguzi wamekagua nyumba na kukuta mipango yote inayofaa kwa kazi hiyo. Majiko, vyombo vya kufulia na kukaushia, na vifaa vya kupashia pasi moto vilikuwa katika hali nzuri, na matumizi yake hayakuhatarisha mali za jirani kwa moto. Mkuu wa afya naye alithibitisha kwamba mahali hapo ni safi na maji machafu yanatoka vizuri. Jiji lilikuwa limekwisha kujibu, kwa sahihi ya watu wake, kila swali ambalo sheria ya moto ingeweza kuuliza.

Leseni yake ya mwisho ilikuwa iishe tarehe 1 Oktoba 1885. Tarehe 1 Juni 1885 aliomba ridhaa ya Baraza. Tarehe 1 Julai alikataliwa. Wenzake wa Kichina wapatao 200 waliomba vilevile, wote wakakataliwa. Wasio Wachina walioomba walikubaliwa wote isipokuwa mwanamke mmoja.

Madobi hawakufunga maduka. Zaidi ya 150 wa Kichina walikamatwa, wakati wale 80 na zaidi wasio Wachina, wenye maduka ya mbao vilevile, hawakuguswa. Dobi wetu alipelekwa mbele ya hakimu wa polisi, akatiwa hatiani na kufungwa. Agosti 1885 aliiomba Mahakama Kuu ya California iamuru aletwe mbele yake na kuachiwa, akidai kwamba sherifu anamshikilia kinyume cha sheria. Mwishoni mwa mwaka mahakama hiyo ilimkatalia. Ilisema jiji lina mamlaka ya kulinda watu na moto, na madiwani wana mamlaka ya hiari ya kuamua.

Sambamba na hiyo, dobi wa pili, aliyekuwa na miaka 25 katika kazi hiyo, alikwenda katika mahakama ya shirikisho ya mzunguko mbele ya Jaji Lorenzo Sawyer. Sawyer aliona kila kitu. Aliandika kwamba mwelekeo wa sheria hiyo, kama si lengo lake hasa, ni kuwafukuza wenye maduka madogo, hasa Wachina, na kuyapa ukiritimba maduka makubwa yanayoendeshwa kwa mitaji ya wazungu waliojiunga pamoja. Halafu akakataa kumwachia, kwa kuwa Mahakama Kuu ya California ilikuwa imekwisha amua na hakutaka kuipinga.

Mashauri yote mawili yalipelekwa Washington, kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Yalisikilizwa tarehe 14 Aprili 1886, na hukumu ikasomwa tarehe 10 Mei.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwangu mkubwa kuliko yote, ulikuwa wa madobi wenyewe: kwenda kwa pamoja. Chama chao, Tung Hing Tong, kilichangisha fedha na kuajiri mawakili wa daraja la juu, akiwemo Hall McAllister, mmoja wa wanasheria waliosifika sana mjini. Dobi mmoja asingeweza kumlipa mtu kama huyo. Dobi mmoja pia asingeweza kutoa ushahidi wa kukataliwa kwa watu 200. Kila aliyekwenda kuomba akijua atakataliwa alikuwa anaongeza mstari kwenye kielelezo cha mahakamani.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kuendelea kufua. Wengine wangesema wangojee, wabembeleze, watafute diwani wa kuwasemea. Lakini duka likifungwa, mteja huenda kwingine na pango linaendelea kudaiwa. Tena mtu asiyekamatwa hana cha kumlalamikia jaji, na aliyeshikiliwa jela bila haki ana njia ya haraka ya kuuliza kwa nini ameshikiliwa. Faini ya dola 10 isiyolipwa iliwafungulia mlango huo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mawakili. Mwaka mmoja kabla, 1885, Mahakama ya Juu ilikuwa imekataa kesi mbili za madobi wa San Francisco kuhusu ile amri ya saa za usiku. Katika mojawapo, mlalamikaji alisema wazi kwamba madiwani walisukumwa na chuki dhidi ya Wachina. Jaji Field alijibu kwamba mahakama haichunguzi nia za watunga sheria, na kwamba amri ile iliwahusu wote sawasawa. Mwaka 1886 mawakili hawakuishia kwenye mioyo ya madiwani. Waliweka mezani orodha ya walioomba, waliopewa, walionyimwa, waliokamatwa na walioachwa. Upande wa jiji haukuzipinga takwimu hizo, zikaingia katika kumbukumbu kama mambo yaliyokubaliwa na pande zote.

Kuhusu madiwani sina mengi ya kusema. Sababu ya kuwakataa watu 200 haikuandikwa popote. Mahakama ilipoitafuta haikuiona.

Hukumu

Jaji Stanley Matthews aliandika kwa niaba ya mahakama nzima, bila mpinzani hata mmoja. Kabla ya ujaji alikuwa wakili wa makampuni ya reli, na Seneti ilimthibitisha 1881 kwa kura 24 dhidi ya 23. Hakuwa mtu wa kutazamiwa kuwatetea wafua nguo.

Alianza na sheria yenyewe. Alisema mamlaka iliyopewa Baraza haikuwa hiari inayoongozwa na kipimo. Ilikuwa uwezo mtupu wa kukubali au kukataa, usio na mwongozo wala kizuizi. Aliongeza maneno ambayo mpaka leo naona ndiyo kiini cha hukumu: kwamba mtu alazimike kushika uhai wake, au njia yake ya kuishi, au haki yoyote muhimu ya maisha, kwa kutegemea utashi mtupu wa mtu mwingine, ni jambo lisilovumilika katika nchi yenye uhuru, maana huo ndio utumwa wenyewe. Yaliandikwa miaka 21 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, na wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa utumwa ni kitu gani.

Kisha akaja kwenye swali la nani analindwa. Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanakataza jimbo kumnyima mtu yeyote aliye ndani ya mamlaka yake ulinzi sawa wa sheria. Matthews alisema ulinzi huo ni wa kila mtu aliye katika ardhi ya Marekani, bila kujali asili, rangi wala taifa. Aliutaja pia mkataba wa 1880 kati ya Marekani na China, ambamo Marekani iliahidi kuwalinda Wachina walio nchini mwake na kuwapa haki sawa na raia wa taifa linalopendelewa zaidi.

Mwisho akageukia utekelezaji. Hata sheria ikiwa na sura ya haki, alisema, ikiwa mamlaka ya umma inaitekeleza kwa jicho baya na mkono usio sawa, ikawabagua watu walio katika hali moja, huko nako ni kunyima haki, na Katiba inakukataza. Hakuna sababu ya ubaguzi ule iliyoonyeshwa, na mahakama haikuona nyingine ila uadui kwa rangi na taifa la walalamikaji.

Wote wawili waliamriwa waachiwe.

Kilichofanya kazi

Takwimu zilifanya kazi ambayo maelezo ya chuki hayakuweza kuifanya. Jaji anaweza kukwepa swali la nia ya diwani kwa miaka mia. Kukwepa 200 dhidi ya 80 ni kugumu, hasa upande wa pili ukiwa umekubali hesabu. Anayepeleka malalamiko ya leseni popote pale aanze kukusanya majibu ya wenzake mapema, yenye tarehe, na ayaweke pamoja na ya wale waliopewa. Upande wa waliopewa ndio watu husahau. Bila wale 80 walioachwa, kesi hii ingekuwa ya watu 200 waliokataliwa tu, na jiji lingejibu kwamba nyumba zao ni hatari.

Vyeti vya zimamoto na afya viliifuta hoja ya usalama kabla haijasimama. Hapa dobi alikuwa amejiandaa kuliko watu wengi ninaowajua: alikaguliwa na akahifadhi karatasi. Jiji lilibaki na sababu moja tu, nayo haikuweza kutamkwa mahakamani.

Jambo la tatu, ambalo vitabu vingi hulipita upesi, ni kwamba riziki ilipewa uzito wa haki. Mwaka 1873, katika kesi ya wachinjaji wa New Orleans, Mahakama ilikuwa imekataa kwa kura tano dhidi ya nne kwamba Marekebisho ya 14 yanalinda haki ya mtu kufanya kazi yake dhidi ya ukiritimba uliowekwa na jimbo. Majaji Field na Joseph Bradley walipinga uamuzi huo kwa nguvu, wakisema haki ya kufanya kazi halali ni sehemu ya uhuru wa mtu. Matthews hakuupindua uamuzi wa 1873. Lakini alipoandika kuhusu njia ya kuishi na utumwa alikuwa anakanyaga ardhi ile ile. Ubaguzi wa San Francisco haukumwambia Mchina kwamba hana haki. Ulimwambia hana kibali, na kwa mtu mwenye duka moja tofauti kati ya hayo mawili ni ndogo sana. Mahakama iliiona hali hiyo na ikaisema.

Kilichoshindikana

Ushindi ulisimama juu ya ushahidi uliokuwa kamili mno na uliokubaliwa mno. Miaka 12 baadaye, 1898, Mwafrika-Mmarekani aliyehukumiwa Mississippi alieleza kwamba masharti ya kupiga kura yameachwa mikononi mwa maofisa ili wawaondoe weusi kwenye orodha, na hivyo kwenye baraza la wazee wa mahakama. Mahakama ya Juu iliitaja kesi ya dobi, ikasema hapa haijaonyeshwa kwamba utekelezaji ulikuwa mbaya, ila tu kwamba unaweza kuwa mbaya. Nani angeuonyesha? Kule San Francisco jiji lenyewe lilikubali hesabu. Mississippi haikuwa na nia ya kumkusanyia mtu mweusi takwimu. Kanuni inayomlinda mnyonge pale tu mwenye nguvu anapokiri ina tundu kubwa, na hilo nalihesabu kuwa kasoro ya hukumu yenyewe, siyo ya majaji waliofuata peke yao.

Hata kesi ya Plessy ya 1896, iliyohalalisha kuwatenga weusi katika mabehewa ya treni ya Louisiana, iliitaja hukumu ya dobi. Ilitajwa kama mfano wa kanuni isiyo ya busara, kisha kutenganisha abiria kwa rangi kukatangazwa kuwa ni busara.

Mlango wa pili ulifungwa kwa Wachina wakati wa kwanza unafunguliwa. Mwaka 1888 Bunge lilibatilisha vyeti vya kurudi vya vibarua wa Kichina waliokuwa nje ya nchi, na 1889 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Field yule yule, ikakubali kwa kauli moja. Mwaka 1893 sheria ilisema bayana kwamba dobi ni kibarua. Kwa hiyo mtu aliyeshinda haki ya kubaki na duka lake hakuwa na haki ya kwenda Guangdong kumzika baba yake na kurudi kwenye duka hilo. Haki ya mahali bila haki ya mwendo ilimfunga pale pale alipo.

Halafu kuna mgawanyiko nilioanza nao, wa haki za kiraia na uhuru wa riziki. Siku ile ile, 10 Mei 1886, Mahakama iliamua kesi nyingine kutoka California, ya kaunti ya Santa Clara dhidi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific. Jaji Mkuu Waite alitangaza kabla ya hoja kwamba majaji hawahitaji kusikia mjadala kuhusu kama kampuni inalindwa na Marekebisho ya 14, kwani wote wanaona inalindwa. Dobi alihitaji jela, chama, takwimu na mahakama tatu ili athibitishwe kuwa mtu anayestahili ulinzi. Kampuni ya reli haikuulizwa swali. Miongo iliyofuata uhuru wa uchumi ulikua upande huo: 1897 katika kesi ya bima ya Louisiana, 1905 katika kesi ya waokaji mikate wa New York, ambako sheria ya kuwapunguzia wafanyakazi saa za kazi ilibatilishwa kwa jina la uhuru wa mkataba. Haki za kiraia zilipungua katika miongo hiyo hiyo. Naamini kabisa kwamba hasara ilikuwa ya pande zote mbili: uhuru wa uchumi uliotenganishwa na haki ya mnyonge uligeuka kuwa ngao ya mwenye mtaji, na usawa uliotenganishwa na riziki ukabaki maneno.

Mwaka 1912 kazi ya dobi ilirudi mahakamani, safari hii kutoka Montana. Jimbo lilitoza dola 10 kila robo mwaka kwa dobi wa kufua kwa mkono. Maduka ya kufua kwa mvuke hayakutozwa, wala wanawake wenye biashara ya watu wasiozidi wawili. Kila aliyejua kazi hiyo alijua ni wanaume gani waliofua kwa mkono. Jaji Oliver Wendell Holmes aliipitisha kodi hiyo. Alieleza kwamba hoja ya ubaguzi dhidi ya Wachina haikuletwa mbele ya mahakama, na kwamba swali hilo linaweza kuamuliwa siku nyingine mtu akilileta. Mlalamikaji alikuwa peke yake, amejenga hoja yake juu ya jinsia ya walipa kodi. Hakukuwa na wenzake 200 nyuma yake, wala orodha ya waliotozwa na wasiotozwa.